Sura ya Tano: Gari Lisilokamilika

Ukitaka kumpima fundi bodi, mpe Ford ya mwaka 1934 umwambie alipunguze paa lake kwa inchi tatu. Kwa maneno kazi ni nyepesi: kata nguzo zinazoshika paa, toa kipande cha inchi tatu katika kila nguzo, shusha paa, chomelea. Fundi mzoefu haanzi na msumeno. Kwanza huchomelea mabomba ya chuma ndani ya gari, kutoka nguzo hadi nguzo, ili bodi isitanuke wala kujipinda paa likishaondoka. Hufunga milango na kukagua uwazi unaozunguka kila mlango. Hubandika utepe mahali pa kukata, hupima, huenda kunywa chai, hurudi kupima tena.

Ugumu uko kwenye mlalo wa nguzo. Hazikusimama wima. Za mbele zimelalia nyuma, na zote zimeegemea ndani kidogo, kwa hiyo gari ni jembamba juu kuliko chini. Ukitoa kipande katikati na kushusha sehemu ya juu, ncha hazikutani. Jaribu kufupisha suruali ya kubana kwa kukata kipande gotini badala ya kukunja pindo, utaona: upande wa juu ni mpana, wa chini ni mwembamba, na hakuna mshono utakaoupatanisha. Fundi ana njia mbili. Ama ailaze zaidi nguzo ya mbele mpaka ifikie paa, ama alikate paa lenyewe vipande vinne, avitanue, kisha azibe mianya kwa mikanda ya bati aliyoikunja kwa mkono. Ndipo kuchomelea kunapoanza, nako kuna adabu yake: nukta moja hapa, nyingine upande wa pili kabisa, halafu unangoja bati lipoe. Ukichomelea mstari mzima kwa mkupuo, joto hulivimbisha bati, na paa hubaki na mawimbi yatakayoonekana kila jua likilipiga, hata ulifunike kwa puti kiasi gani.

Baada ya bati huja vioo. Kioo cha mbele, ambacho ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, hukatika kwa mkono mtulivu. Kioo cha pembeni cha magari ya miaka ya baadaye, kilichoimarishwa kwa joto kiwandani, hakikatiki kamwe. Ukijaribu kukikata humwagika chini chembechembe.

Katika miaka ya 1940 na 1950 kazi yote hii ilifanywa kwa mitungi ya gesi. Maungio yalifunikwa kwa risasi iliyoyeyushwa, ikasukumwa kwa vibao vya mbao vilivyopakwa shahamu, kisha ikapigwa tupa mpaka mkono upite juu yake usihisi kitu. Vumbi la risasi ni sumu, na wengi walilivuta bila hata kitambaa usoni. Magari yao mengine yangalipo, na risasi ile bado imeshika.

Gari la namna hii huitwa hotirodi. Kwa kawaida ni la zamani, mara nyingi Ford ya miaka ya 1920 au 1930, ambalo limevuliwa uzito usiohitajika, likapewa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani, na likashushwa karibu na ardhi. Ufundi huo ulikulia kusini mwa California, na umekuwa na sifa moja tangu mwanzo: humshika mtu akiwa kijana na haumwachii. Wako wastaafu wanaolala chini ya gari lilelile walilolinunua wakiwa shuleni. Kinachowashika ni kwamba gari hilo halina siku ya kukamilika. Injini yenye nguvu huleta joto, joto hudai rejeta kubwa, mwendo hudai breki, breki hudai ekseli nyingine, na ekseli nyingine hukaa mahali ambapo chesisi haikutengenezewa. Kila jibu huzaa swali, na swali hujibiwa kwa mikono.

Swali la kwanza liliulizwa na Henry Ford mwenyewe. Mwaka 1932, uchumi wa Marekani ukiwa umelala chali na yeye akikaribia umri wa miaka 70, aliingiza sokoni gari la bei ya watu wa kawaida lenye injini ya V8. Injini za silinda nane zilikuwapo kabla yake, lakini zilikuwa mali ya matajiri. Watu wa Ford walifanikiwa kumimina bloku nzima kwa mkupuo mmoja, silinda zote nane na makao ya kranki vikiwa kipande kimoja cha chuma, na gharama ikashuka. Injini ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Gari la wazi la viti viwili liliuzwa dola 460.

Ilikuwa injini ya kichwa bapa. Vali zake hazikukaa juu ya silinda kama ilivyo leo, zilikaa ndani ya bloku pembeni mwa silinda, na kichwa kilikuwa kifuniko tu cha kuzuia mlipuko usitoroke. Kwa kijana asiye na karakana, hiyo ilikuwa neema. Kichwa kikifunguliwa kiliweza kuchongwa ili mgandamizo uongezeke, au kubadilishwa kwa cha aluminiamu. Juu ya bloku mtu aliweza kufunga kabureta mbili au tatu za Stromberg mahali pa moja. Lakini neema hiyo ilikuja na mzigo. Moshi kutoka kwenye vali ulipaswa kupita katikati ya bloku, ukikatiza njia za maji, ndipo utoke nje. Silinda mbili za katikati kila upande zilishiriki mlango mmoja wa moshi. Maji yalichemka. Kila kizazi cha mafundi wa injini hiyo, iliyoendelea kutengenezwa Marekani hadi 1953, kilipigana na joto hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 magari hayo yalianza kuuzwa kwa mkono wa pili. Kulikuwa pia na mabaki ya Model T, gari ambalo Ford alikuwa ametengeneza zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Bodi ya Model T ni nyepesi sana. Kijana wa Los Angeles aliyeweza kupata bodi ya T na injini ya V8 kutoka kwa wauza chakavu alikuwa na gari la kumshinda yeyote mwenye gari jipya mtaani kwao.

Ed Iskenderian alikuwa mmoja wa vijana hao. Alizaliwa mwaka 1921 katika familia ya Waarmenia waliohamia California, akajifunza kazi ya kutengeneza vifaa na kalibu za chuma. Kwa rafiki yake John Athan alinunua T ya 1924, akaifunga V8 ya Ford yenye vichwa vya Maxi. Vichwa hivyo vilibuniwa kwa ajili ya malori: vali za moshi zilihamishwa kutoka kwenye bloku zikawekwa juu, ili moshi usipite tena katikati ya maji. Kijana alikuwa ameona kwamba dawa ya joto, iliyokusudiwa lori linalopanda mlima na mzigo, ingefaa gari dogo linalotafuta mwendo. Mwaka 1942 gari hilo lilipimwa El Mirage likakimbia maili 120 kwa saa, sawa na kilomita 193.

El Mirage ni mojawapo ya maziwa makavu ya jangwa la Mojave, saa chache kwa gari kutoka Los Angeles. Mvua za majira ya baridi huyajaza maji kidogo, jua huyakausha, na udongo hubaki bapa na mgumu kwa kilomita nyingi. Jingine, Muroc, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Vijana walifika usiku wa Jumamosi kwa magari yaleyale waliyoendea kazini wiki nzima, wakayavua madigadi, taa na kioo cha mbele, na alfajiri wakapanga foleni. Mwanzoni walikimbia bega kwa bega, na wa nyuma hawakuona chochote kwa vumbi. Watu walikufa. Mwaka 1937 vilabu kadhaa viliungana na kuunda Southern California Timing Association, kwa ufupi SCTA, ili kila gari likimbie peke yake na kupimwa kwa saa. Miongoni mwa walioendesha alikuwamo Veda Orr, mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kushindana chini ya chama hicho. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipowachukua wanaume, yeye ndiye aliyeendeleza jarida dogo la chama na kuwapelekea wanachama waliokuwa kwenye kambi na meli za mbali.

Muroc ilichukuliwa na jeshi. Ni kutoka uwanja huohuo ambako rubani Chuck Yeager aliruka Oktoba 1947 akapita kasi ya sauti. Leo ni kambi ya jeshi la anga ya Edwards.

Vita viliwarudisha vijana wakiwa na akiba ya mshahara na ujuzi ambao hakuna shule ya mtaani ingewapa. Walikuwa wamefungua injini za ndege, wamechomelea aluminiamu, wamesoma michoro. Bill Burke aliyaona matangi ya ziada ya mafuta ya ndege za kivita alipokuwa Pasifiki, akaona kwamba umbo lile lililobuniwa kukata upepo lingefaa kuwa bodi ya gari. Mwaka 1946 alikata tangi la ndege ya P-51, akaliwekea magurudumu na injini ya Ford. Baadaye alihamia tangi kubwa zaidi, la P-38, ambalo lilimruhusu dereva akae mbele na injini nyuma yake. Alex Xydias, aliyefungua duka lake la vipuri la So-Cal Speed Shop mwaka 1946, alitumia tangi la aina hiyo, na mwaka 1952 gari lake likafikia maili 198 kwa saa, karibu kilomita 319. Lilisukumwa na injini ileile ya kichwa bapa iliyobuniwa kumpeleka mtu sokoni.

Iskenderian naye alirudi kutoka jeshi la anga akaenda kuagiza kemshafti. Akakuta foleni ndefu, kwa kuwa kila aliyerudi vitani alitaka hiyohiyo. Kemshafti ni mhimili wenye vinundu. Ukizunguka, kila kinundu huisukuma vali ifunguke, na umbo la kinundu ndilo linaloamua vali ifunguke kwa kina gani na ibaki wazi kwa muda gani. Kinundu kinene zaidi huiruhusu injini ivute hewa nyingi inapozunguka kwa kasi, ingawa kwa mwendo wa polepole itatetemeka na kukohoa. Tofauti kati ya kemshafti nzuri na mbaya ni unene usioonekana kwa macho. Badala ya kungoja, Iskenderian alinunua mashine kuukuu ya kusaga chuma, akaigeuza iweze kusaga vinundu, akajifunza kazi kwa kumtazama Ed Winfield, bingwa wa kemshafti na kabureta aliyekuwa ameanza tangu miaka ya 1920. Hobi ikawa kampuni. Watengenezaji wa vipuri vya mwendo walipounda chama chao cha SEMA mwaka 1963, rais wao wa kwanza alikuwa yeye.

T yake ya ujanani hakuiuza. Ilipamba jalada la jarida la Hot Rod la Juni 1948, na zaidi ya miaka sabini baadaye, mwenyewe akiwa amevuka umri wa miaka 100, ilikuwa bado mali yake.

Jarida hilo lilikuwa na miezi sita tu. Robert Petersen na mwenzake Robert Lindsay walilianzisha Januari 1948, wakachapa nakala 5,000 na kuziuza kwa senti 25 kwenye maonyesho ya kwanza makubwa ya hotirodi mjini Los Angeles. Wapenda hotirodi waliyahitaji maonyesho hayo. Magazeti ya mji yalikuwa yakiwachora vijana wa hotirodi kama wahuni wanaoua watu barabarani, na lazima isemwe kwamba mashindano ya usiku mitaani yaliua kweli. Wally Parks, mhariri wa mapema wa jarida, aliamini kwamba dawa ni kuwapa vijana mahali, si kuwafukuza. Mwaka 1951 alianzisha chama cha NHRA kwa mbio za robo maili, yaani mita 402, magari mawili yakianza yamesimama. Aprili 1953 chama kilifanya mashindano yake ya kwanza Pomona, na polisi wa mji huo walikuwa upande wake. Robo maili ilishinda ziwa kavu kwa sababu moja rahisi: ingeweza kuchorwa popote palipo na lami iliyonyooka.

Si kila mtu alitaka mwendo. Wengine walitaka umbo. George Barris na kaka yake Sam, katika karakana yao ya Lynwood, walichukua magari mapya kabisa ya Mercury wakayashusha, wakayakata paa, wakaondoa vishikio vya milango na nembo zote, wakazamisha taa ndani ya madigadi mpaka zionekane zimeota humo. Maarufu kuliko yote ni Mercury ya 1951 waliyomtengenezea Bob Hirohata, Mmarekani mwenye asili ya Japani, mwaka 1952, kwa rangi mbili za kijani. Hirohata hakuliweka ndani ya banda. Alilifunga injini ya Cadillac akaliendesha kutoka California hadi Indianapolis. Baada ya miaka michache gari lilikuwa limechakaa, na mwishoni mwa muongo huo kijana wa shule alilinunua kwa dola 500. Alikaa nalo maisha yake yote, akilirejesha kidogokidogo. Januari 2022 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni mbili.

Pikapu ilichelewa kupendwa. Ilikuwa mnyonge wa gereji: ilileta vipuri, ilivuta gari la mashindano hadi jangwani, ilipigwa mvua nje wakati hotirodi inalala ndani. Ford alianza kuuza pikapu iliyokamilika kutoka kiwandani Aprili 1925, Model T yenye sehemu ya mizigo nyuma, kwa dola 281. Kabla ya hapo mkulima alinunua gari, kisha akamtafuta seremala. Tangu mwanzo ilinunuliwa ifanye kazi, na ilipochoka iliachwa mwisho wa shamba, matairi yakiingia ardhini. Katika majimbo makavu kama Arizona na New Mexico chuma chake kilikaa miongo bila kuoza, na hazina iliyohifadhiwa hivyo bila mtu kukusudia ndiyo inayolisha hobi mpaka leo.

Baada ya vita viwanda vilianza kuitazama pikapu kwa jicho jingine. Chevrolet ilitoa mfululizo mpya mwaka 1947, wenye kibanda cha mviringo ambacho, kwa aliyelipa zaidi, kilikuwa na madirisha madogo kwenye pembe za nyuma. Ford ilijibu mwaka 1948, na mwaka 1953 ikatoa F-100. Ekseli ya mbele ilikuwa imesogezwa nyuma ili gari ligeuke mahali padogo; boneti ilikuwa fupi na nene, madigadi yamevimba, kibanda kipana chenye vioo vikubwa. Waliochora umbo hilo walikuwa wakimfikiria mkulima na fundi bomba, na bila kujua wakachora kitu ambacho wapenda magari wa miaka sabini baadaye wangekililia. Ya mwaka 1956 ndiyo inayotafutwa kuliko zote, kwa kuwa kioo chake cha mbele kilichozunguka mpaka pembeni kilikaa kwenye kibanda cha umbo hilo kwa mwaka huo mmoja tu. Mwaka 1955 Chevrolet ilionyesha kwa Cameo Carrier kwamba kiwanda nacho kimeanza kuelewa: sehemu ya mizigo ilifunikwa kwa faibaglasi laini, usawa mmoja na kibanda, na rangi zilikuwa mbili.

Sasa mtu anunue F-100 ya 1953 aiendeshe kama ilivyo. Ekseli ya mbele ni nondo moja nzima, imekalia springi za mkanda. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia linapata habari. Usukani una mchezo. Umeme ni wa volti 6, taa ni hafifu. Breki ni za ngoma magurudumu yote, na silinda kuu iko chini ya sakafu ya kibanda, yenye njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, hakuna breki. Kwa injini yake ya asili na mwendo wa barabara za vijijini za miaka ya 1950, mambo yalikwenda. Mtu anayeiweka V8 ya nguvu za farasi 400 na kuiacha na breki hizo amejenga kitu ambacho hakifai kupita mbele ya shule. Kwenye mabishano ya hobi hii, wanaosema breki zije kabla ya injini wana haki, na ni ajabu kwamba mpaka leo lazima wabishe.

Dawa ilitoka mahali pasipotarajiwa. Kati ya 1974 na 1978 Ford iliuza Mustang II, gari dogo ambalo wapenda Mustang walilidharau. Lakini mbele yake kulikuwa na springi za kujitegemea kila gurudumu, breki za diski, na usukani mwepesi, vyote vimefungwa kwenye fremu nyembamba iliyoweza kuingia chini ya karibu kila gari la zamani. Magari hayo yalipoanza kufika kwa wauza chakavu, mafundi waliyakata sehemu ya mbele na kuyaacha mengine. Baadaye kampuni zikaanza kutengeneza vipande vipya vya mtindo huo, na leo kuna pikapu nyingi za miaka ya 1950 zinazotembea kwa miguu ya gari lililodharauliwa.

Kuifunga si kazi ya wikiendi moja. Reli za chesisi ya F-100 zina umbo la mfereji, upande mmoja uko wazi, kwa hiyo kwanza huzibwa kwa vipande vya chuma ziwe boksi. Chesisi huwekwa juu ya vigingi na kusawazishwa kwa pima-maji. Mahali ilipokuwa ekseli ya zamani hutiwa alama kabla haijaondolewa, maana alama hiyo ikipotea madigadi hayatalingana na magurudumu, na kosa hilo huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha hupimwa mshazari, kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa milimita chache, pikapu itavuta upande mmoja na kula matairi kwa muda wote itakaoishi.

Kwa injini, wengi huchukua V8 ndogo ya Chevrolet. Ilitoka mwaka 1955, nyepesi, fupi, rahisi kutengeneza, na baada ya hapo kichwa bapa cha Ford kilibaki kwa wanaokipenda kwa moyo. Hadi mwaka 2011 General Motors ilikuwa imetengeneza injini milioni 100 za ukoo huo, kwa hiyo vipuri vyake viko kila mahali na kwa bei nafuu. Mashabiki wa Ford huchukia kuona injini ya Chevrolet ndani ya F-100, na hasira yao si ya bure. Anayeweza kumudu kuweka Ford ndani ya Ford amefanya jambo linaloheshimu gari. Lakini ufundi huu ulijengwa na watu waliotumia kilichopatikana, na mwenye mshahara wa kawaida asinyimwe pikapu kwa sababu ya nembo.

Sehemu ya mizigo huonyesha tabia ya mwenye gari. Sakafu ya asili ilikuwa mbao zilizotenganishwa kwa mikanda ya chuma, ili beleshi lipite bila kukwama na ubao uliovunjika ubadilishwe peke yake. Wengi sasa huweka mbao za mwaloni zilizopigwa vanishi tabaka baada ya tabaka mpaka zing'ae, na tangu siku hiyo hakuna gunia litakaloruhusiwa kuzikanyaga. Ni kazi nzuri kuitazama. Inasikitisha kidogo pia, maana pikapu isiyobeba kitu imenyang'anywa jina lake.

Pengine ndiyo sababu wimbi jingine limeinuka, la wanaoiacha rangi ya zamani kama walivyoikuta. Chini ya gari kila kitu ni kipya: breki, chesisi, injini. Juu, bati limepauka, kutu imeshika kingo, na mlangoni bado yanasomeka maandishi ya mkono ya kampuni ya fundi bomba au shamba la maziwa lililokufa zamani, pamoja na namba ya simu yenye tarakimu chache. Rangi hiyo huoshwa kwa uangalifu na kufunikwa kwa vanishi isiyo na rangi ili isiendelee kubanduka. Aliyeandika herufi zile alizipiga kwa brashi bila kuteleza, na hakuna fundi wa leo anayeweza kuziiga zikawa na miaka sabini ya jua ndani yake.

Swali la nini kihifadhiwe limewafikia hata wale waliokuwa wakiidharau hobi nzima. Mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambayo kwa miongo yalikaribisha magari ya kifahari yaliyorudishwa kwenye hali ya kiwandani, yalifungua daraja la hotirodi kwa mara ya kwanza. Iliyoshinda ilikuwa Ford ya 1932 iliyojengwa na Doane Spencer baada ya vita. Majaji walijikuta wakiuliza jambo jipya: kulirejesha gari hili ni kulirejesha wapi? Si kiwandani, kwa kuwa thamani yake yote iko katika yale Spencer aliyoyabadilisha. Warejeshaji wa hotirodi za kihistoria siku hizi husoma picha za mwaka 1948 kwa kioo cha kukuzia, wakitafuta boliti ipi ilikaa wapi na paa lilikatwa kwa kiasi gani.

Wakati huohuo chini ya boneti mambo yanakwenda mbele. Kwenye maonyesho ya SEMA mwaka 2021 Ford ilileta F-100 ya 1978 inayoendeshwa na mota mbili za umeme kutoka gari lake la Mustang Mach-E, zenye nguvu za farasi 480 kwa pamoja. Chevrolet ilikuwa imetangulia mwaka 2019 kwa kuleta C-10 ya 1962 ya umeme. Ford iliuza mota kwa umma kwa dola 3,900 kila moja, na akiba ya kwanza ikaisha upesi. Ndani ya boksi hapakuwa na betri, wala kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe mota, wala kompyuta ya kuviamuru. Hivyo mteja ajitafutie. Na mteja anajitafutia: kwenye karakana za California, karibu na mashine za kukunja bati na mitungi ya gesi, sasa kuna watu wenye glavu nene za mpira wanaopima volti mia kadhaa, wanaojadili wapi pa kuuficha uzito wa betri katika chesisi ya 1955, na wanaozunguka kwa wauza chakavu wakiulizia Nissan Leaf ya umeme iliyogongwa mbele lakini betri yake iko salama chini ya sakafu.